Hoteli ya Pwani ya Kusini kama Mwajiri: Nilichokichunguza Kabla ya Kutia Saini na Nilichokikuta Ndani

Mwezi wa Juni mwaka jana nilipewa barua ya ajira na hoteli moja ya Zanzibar iliyopo baina ya Paje na Jambiani, yenye vyumba vipatavyo 40, ikinitaka niwe msimamizi wa mapokezi, na barua hiyo ilinipa siku saba za kujibu. Siku hizo saba nilizitumia zote. Ninayoyaandika hapa ni tathmini ya hoteli hiyo kama mwajiri: niliyoyapata kabla ya kutia saini, na namna yalivyolingana au kutolingana na niliyoyaona katika miezi kumi ya kazi. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu bado nipo kazini hapo na kwa sababu baadhi ya walionipa habari zake ni wafanyakazi wenzangu. Lakini njia nilizopita ziko wazi kwa yeyote aliyeshika barua kama yangu, iwe ya hoteli ya Nungwi, ya Kiwengwa, au ya kule Makangale kwa ndugu zetu wa Pemba.

Sikuwa na tabia hii ya kuchunguza hapo zamani. Kazi yangu ya mwanzo baada ya kumaliza chuo cha utalii Maruhubi ilikuwa katika hoteli moja ya kaskazini, na niliipokea siku ile ile niliyoitwa, kwa furaha, bila ya kuuliza hata mshahara hulipwa tarehe ngapi. Kila mwezi hati yangu ya mshahara ilionesha makato ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, nami nikaamini kwamba kilichokatwa kimefika. Nilipopata mimba ya mwanangu wa kwanza nikaenda kuulizia fao la uzazi, na karani akanigeuzia skrini nione mwenyewe: katika miezi 19 niliyokatwa, michango iliyofika ilikuwa ya miezi minane tu. Nilisimama pale dirishani nikihesabu miezi kwa vidole, nikirudia kuhesabu, nikidhani macho yangu yananidanganya. Nilikuja kulipwa sehemu ya haki yangu baada ya safari nyingi za usuluhishi, na mtoto alikuwa tayari anatembea. Kwa hivyo niliposhika barua hii ya Paje, swali langu la kwanza halikuwa mshahara ni kiasi gani, bali watu hawa hulipaje wanachodaiwa.

Nilianza nyumbani, kwa simu, kwa kusoma maoni ya wageni katika TripAdvisor, Booking.com na ramani za Google. Anayetafuta kazi asiyadharau maoni haya, ila ayasome kwa jicho tofauti na la mgeni. Mimi sikuwa na haja ya kujua kama kiamshakinywa ni kizuri. Nilitafuta majina ya wafanyakazi, kwani wageni hupenda kumtaja kwa jina aliyewahudumia vyema, na nikaona kwamba mhudumu mmoja wa mkahawa na mtunza bustani mmoja walikuwa wakitajwa kwa muda wa miaka mitatu mfululizo. Hoteli ambayo majina yake hubadilika kila msimu ni hoteli ambayo watu hawadumu, na mtu hakimbii kazi pwani, ambako kazi ni chache, ila ana sababu. Nilitazama pia namna uongozi unavyojibu malalamiko. Katika hoteli nyingine niliyoilinganisha nayo, meneja aliandika hadharani kwamba kosa lilikuwa la msichana wa usafi na kwamba ameshafukuzwa. Katika hii, majibu yalikuwa mafupi, mengine ya Kitaliano ambayo nilihitaji programu ya kutafsiri, lakini hakuna hata moja lililomtupia lawama mfanyakazi. Hilo nililiandika katika daftari langu kama jambo la kwanza la heri.

Baada ya hapo nikaugeukia mkataba wenyewe, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Jina lililopo kwenye bango la hoteli halikuwa jina la kampuni iliyoandikwa kuwa ni mwajiri. Hilo si kosa, kwani hoteli nyingi za kwetu zina mmiliki mmoja, kampuni nyingine inayoziendesha, na jina la tatu la kibiashara ambalo ndilo wageni hulijua. Lakini kwa mfanyakazi tofauti hiyo ni kubwa, maana siku ya mgogoro anayeshitakiwa ni yule aliyetia saini mkataba, wala siyo bango. Kampuni na majina ya biashara hapa Zanzibar husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA, na hoteli hupata leseni yake kutoka Kamisheni ya Utalii. Niliulizia jina la kampuni, nikaridhika kwamba limesajiliwa, kisha nikamwomba afisa utumishi wa hoteli anieleze kwa maandishi uhusiano wa kampuni hiyo na mmiliki. Alinijibu kwa barua pepe siku ya pili: kampuni iliyoniajiri ndiyo yenye leseni, na ndiyo inayolipa mishahara.

Kilichonishtua zaidi kilikuwa katika ukurasa wa tatu. Mkataba ulisema kwamba unafuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwamba michango yangu itapelekwa NSSF, na kwamba mgogoro ukitokea utapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Yote matatu ni ya Tanzania Bara. Mambo ya kazi si mambo ya Muungano, na huku kwetu tunayo Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, tunayo Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya mwaka huo huo, tunao mfuko wetu wa ZSSF uliopo tangu mwaka 1998, na migogoro yetu huanzia kwenye kitengo cha usuluhishi kilicho chini ya Kamisheni ya Kazi kabla ya kufika Mahkama ya Kazi. Mkataba ule ulikuwa umenakiliwa kutoka kwa hoteli ya Arusha au Dar es Salaam, na aliyenakili hakubadilisha ila jina. Nawaomba sana wenzangu mnaoomba kazi za hoteli mkitazame kipengele hiki kabla ya kitu chochote chengine, kwa sababu mkataba unaokuelekeza kwenye ofisi isiyokuwa na mamlaka juu yako unaweza kukupotezea miezi yako huku unazungushwa.

Sikuikataa kazi kwa sababu ya kosa hilo. Nilimwandikia afisa utumishi kwa adabu, nikamtajia vipengele vitatu na nikamwomba avirekebishe. Niliamua moyoni kwamba jibu lake ndilo litakaloniambia mengi kuliko mkataba wenyewe. Angeweza kukasirika, angeweza kuniambia kwamba wenzangu wote wametia saini na hakuna aliyeuliza. Badala yake aliniletea mkataba mpya baada ya siku mbili, umesahihishwa, na akaongeza sentensi moja ya kunishukuru. Baadaye nilipoingia kazini nilikuta kwamba wafanyakazi wote wamebadilishiwa ukurasa ule.

Siku ya nne nilipanda gari ya abiria ya namba 309 pale Kijangwani mjini, asubuhi, nikiwa sijamwarifu mtu yeyote wa hotelini. Safari ya Paje ni kilomita 50 hivi kutoka mjini, na gari ilipokuwa ikipita Tunguu na kuingia kwenye kivuli cha msitu wa Jozani nilikuwa nikijiuliza nimwendee nani kwanza. Nilikuwa nimepanga kumwendea sheha, na nilimwendea, naye alinipokea vizuri na kunieleza kwamba hoteli ina vijana kadhaa wa shehia yake na kwamba hajaletewa malalamiko ya mishahara. Lakini sheha huletewa jambo likishakuwa kubwa. Aliyenipa ukweli wa kila siku alikuwa mwenye duka.

Duka lenyewe lipo hatua chache kutoka geti la nyuma la hoteli, mlango wanaotumia wafanyakazi. Ni chumba kimoja chenye dirisha la nondo, baraza ya saruji mbele yake, na friji ya soda yenye kifuniko kilichofungwa kwa mpira. Mwenyewe ni mzee wa Kipemba, mtulivu, kofia kichwani. Nilimsalimia, nikanunua juisi na mandazi mawili, nikakaa barazani. Sikumficha kitu.

"Mzee wangu, nimeitwa kazi hapo ndani, nami ni mtu wa mjini, siwajui. Nimekuja kuuliza kabla sijakubali."

"Umefanya vyema, mwanangu," alinijibu. "Wengi huja kuuliza wakishatoka."

Akainama chini ya meza na kutoa daftari kubwa la jalada gumu, kona zake zimelainika kwa kushikwa, akalifungua na kuufunika upande wa majina kwa kiganja chake ili nisisome nani anadaiwa nini. Akaniachia safu ya tarehe peke yake. Kila deni lililolipwa lilipigwa mstari mwekundu na pembeni pameandikwa siku lilipolipwa, na mistari ile ilijikusanya mahali pamoja: tarehe 28, 29, 30, mara chache tarehe mosi. Akageuza kurasa za miezi ya nyuma, na mistari ikawa pale pale. "Hawa hunilipa kwa wakati," alisema. "Kuna wa hoteli nyingine nimewafungia daftari, na Mungu anajua si kwa ubaya wao. Mshahara wao haujulikani unaingia lini." Kisha akafika kwenye kurasa za mwezi wa Nne, akanyamaza kidogo, akaniambia: "Ila masika, hawa nao hulipa nusu nusu. Hapo uulize."

Sijapata katika maisha yangu ya kazi taarifa ya fedha iliyo wazi kama ile. Afisa utumishi anaweza kusema mishahara hulipwa kwa wakati, na mfanyakazi aliyepo anaweza kuogopa kusema vyengine, lakini mtu anayewakopesha sukari na unga wafanyakazi wa hoteli hana sababu ya kumsitiri mwajiri wao wala ya kumsingizia. Mwajiri anapochelewa kulipa, wa kwanza kujua ni mwenye duka wa geti la nyuma.

Nilikaa pale mpaka saa nane mchana, zamu ya asubuhi ilipotoka. Wafanyakazi walitoka kwa makundi, wengine wakicheka, wengine wamechoka kama anavyochoka mtu yeyote aliyesimama tangu alfajiri. Sikumhoji mtu, kwani kumuuliza mfanyakazi habari za mwajiri wake mbele ya geti ni kumtia mashakani. Nilitazama tu saa ngapi wametoka na saa ngapi zamu ya mchana imeingia, na tofauti ilikuwa dakika chache. Kwa mambo ya ndani nilimtafuta mwanafunzi mwenzangu wa Maruhubi ambaye aliwahi kufanya kazi hapo na kuondoka kwa sababu ya kuolewa Pemba. Nilimpigia simu usiku, naye akanifanyia hisani kubwa: akanipigia picha taarifa yake ya michango ya ZSSF. Miezi 26 ya kazi, michango 26. Ofisi haiwezi kukupa taarifa za mtu mwengine, na ni haki iwe hivyo, lakini mwenyewe anaweza kukuonesha zake, na ukimpata mtu mmoja aliyetoka kwa amani utakuwa umepata ushahidi ambao hakuna usaili utakaokupa.

Siku ya sita niliitwa hotelini kwa mazungumzo ya mwisho, na nikaomba nioneshwe nyumba ya wafanyakazi. Afisa utumishi alishangaa kidogo, akanipeleka. Vyumba vya wanawake vilikuwa na vitanda vinne kila kimoja, vyandarua vizima, kufuli ya ndani na ya nje, na tangi la maji lililojaa. Choo cha karibu na jiko kilikuwa na mlango usiofunga, nikamwambia, akaandika. Kisha nikamuuliza kuhusu masika. Hakuzunguka. Alinieleza kwamba hoteli hufungwa wiki sita kuanzia mwezi wa Nne, kwamba wafanyakazi hutumia likizo yao ya mwaka kwanza, na kwamba siku zinazobaki hulipwa nusu mshahara. Yalilingana na daftari la mzee. Nilimwomba yaandikwe kwenye mkataba kama alivyoyasema, na yakaandikwa. Ramadhani, alisema, wafanyakazi wa zamu ya jioni hupewa futari na nusu saa ya kupumzika, na hilo nalo nimelikuta ni kweli, na futari ni nzuri, muhogo na samaki kama wa nyumbani. Kuhusu mshahara, nilimtaka afafanue kama kiwango kilichoandikwa ni kabla au baada ya kodi, ZSSF na Mfuko wa Huduma za Afya. Kilikuwa kabla. Tofauti yake si ndogo kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba Jang'ombe na ada ya skuli.

Nilitia saini siku ya saba, na sasa nieleze nilichokikuta.

Mshahara umeingia mara kumi, mara tisa kabla ya mwezi kumalizika na mara moja tarehe 3, na mara hiyo tuliarifiwa wiki moja kabla. Michango yangu nimeitazama mara mbili na imekamilika. Mkataba wangu niliuweka nakala kwa dada yangu, lakini hadi leo sijalazimika kuutoa. Wenzangu wa mapokezi wanakijua kiwango cha mshahara wao, saa zao na siku yao ya mapumziko, jambo ambalo katika hoteli yangu ya zamani lilikuwa siri ya msimamizi. Katika haya hoteli hii inastahiki sifa kamili.

Kwenye sevis chaji, ile ada ya huduma inayolipwa na wageni, sifa hupungua. Niliambiwa kwamba hukusanywa na kugawiwa kila mwezi kwa pointi, na kwamba hesabu hubandikwa kwenye ubao wa chumba cha chakula. Miezi mitatu ya mwanzo ilibandikwa. Tangu mwezi wa Kumi hatujaiona tena karatasi hiyo, ingawa fedha zinaendelea kuingia. Sidai kwamba kuna kilichopotea. Nadai karatasi, kwa sababu fedha za wafanyakazi zisizokuwa na hesabu mbele ya wafanyakazi huzaa maneno, na maneno yameshaanza. Tumelipeleka jambo hilo kwa mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi wa mahoteli, ZATHOCODAWU, na uongozi umekubali kukaa naye.

Kuna jambo ambalo uchunguzi wangu haukuligusa kabisa, na naliona ni kasoro yangu kubwa: sikuuliza mkuu wa idara yangu ni nani. Nilichunguza kampuni, mkataba, duka, vyumba na choo, nikamsahau mtu ambaye ningekaa naye kwa muda wa saa tisa kila siku. Aliyekuwepo wakati wa usaili aliondoka mwezi wa Nane, na aliyemrithi ni mtu wa kupandisha sauti mbele ya wageni. Mara mbili msichana wa zamu ya usiku amelia nyuma ya kaunta, nami nimekaa naye mpaka akatulia. Nililipeleka kwa afisa utumishi, mkuu huyo akaitwa, akapewa onyo, na sasa ni nafuu. Hata hivyo, lau ningeulizia mapema ningejua kwamba nafasi ile ilikuwa inakaribia kuachwa wazi, na ningeuliza nani anatarajiwa kuishika.

La pili nililolikosa ni usafiri wa usiku. Mkataba unasema hoteli itatoa usafiri kwa wanaotoka baada ya saa nne usiku. Nilidhani usafiri maana yake ni mpaka nyumbani. Gari la hoteli hutufikisha njia panda ya Paje, na saa hiyo gari za abiria za mjini zimeshakwisha, kwa hivyo wakaazi wa Paje na Bwejuu wananufaika, na sisi wa mjini tunalala katika nyumba ya wafanyakazi mpaka alfajiri. Kwa kijana asiye na familia haina uzito. Mimi ninaye mtoto wa miaka minne ambaye usiku wa zamu hulala kwa bibi yake.

Kwa hivyo anayeniuliza kama aikubali kazi katika hoteli hii namjibu hivi: kama anaishi Paje, Bwejuu, Jambiani au Makunduchi, aikubali, na akihakikisha amesoma kipengele cha masika hatopata mshtuko. Kama anaishi mjini na ana watoto wadogo, asitie saini mpaka neno "usafiri" liandikiwe mahali unapoanzia na mahali unapoishia. Mimi nimeliombea marekebisho kwa barua ya tarehe 2 mwezi huu, nikataja majina ya wafanyakazi sita wa mjini ambao wamekubali kuchangia mafuta iwapo gari itafika hadi Kijangwani mara tatu kwa wiki. Afisa utumishi ameipokea na kuigonga muhuri, na ameniambia nitapata jibu kabla ya hoteli kufunguliwa tena.